Tundu la Ukuta wa Kaskazini

"Pauni mia tatu na arobaini," alisema Wilf Garrod. "Nataka changu. Sitoki hapa bila changu."

Alikuwa amesimama katikati ya jiko la watu, buti zimejaa tope, na kofia hakuivua. Upande wa pili wa meza alikaa mwenye nyumba, Ivor Tansley, mikono ameikunja na chai imempoa mbele yake. Alikwisha kumwambia fundi mara mbili kwamba hatalipa ukuta unaotoka jasho.

"Jasho," Wilf akacheka kwa pua. "Basi upe taulo, bwana Tansley."

"Usinifanyie mzaha. Njoo uguse mwenyewe."

"Kuta nimeanza kuzigusa kabla wewe hujaota ndevu. Umeniambia nizibe, nimeziba. Umesema ule upepo unamuumiza mkeo, upepo haupo. Sasa unataka nini tena, nije nimpulizie?"

Ivor akauliza, kama ni hivyo, matofali yake ya zamani aliyoyang'oa chini ya ukuta yako wapi. Wilf akajibu kwamba yalikuwa yameoza na ameyatupa, na mtu asimgeuzie maneno. Yeye ni mtu wa kusema kweli, kijiji kizima cha Hessenham kinajua. Sauti zikapanda. Hapo ndipo Dulcie, mke wa Ivor, alipotokea mlangoni na shali begani, mkono mmoja ameshika fremu ya mlango kama mtu aliyepanda mlima.

"Punguzeni sauti," alisema polepole. "Anasikiliza."

Wilf akageuka kutazama nyuma yake, akidhani kuna mtu kaingia. Hapakuwa na mtu. Dulcie alikuwa akiutazama ukuta.

Nyumba hiyo iliitwa Kerrich, kwa jina la tajiri aliyeijenga miaka zaidi ya mia mbili nyuma. Ni nyumba ya matofali mekundu tangu msingi hadi dohani: tofali moja limelala kwa urefu, la pili limetoa kichwa, urefu, kichwa, urefu, kichwa, mstari juu ya mstari, kazi ya mikono iliyokuwa haina haraka. Udongo wake haukuletwa na mkokoteni kutoka mbali. Ulichimbwa papo hapo nyuma ya nyumba, ukakanyagwa kwa miguu, ukachomwa shambani, na shimo lililobaki likajaa maji likawa bwawa. Ukisimama kwenye dirisha la ngazi unaliona bwawa lenyewe, na ukilipima kwa jicho utaona kuwa nyumba nzima ingeweza kurudi mle ndani ikalala na kujaa sawasawa.

Sasa, mafundi wa zamani walipopanda juu walikuwa wakichomeka miti ya jukwaa ndani ya ukuta wenyewe. Wakimaliza, wanachomoa miti na kuziba matundu kwa nusu tofali. Matundu yote ya Kerrich yalizibwa isipokuwa moja, ukuta wa kaskazini, usawa wa dirisha la ngazi. Kila aliyeiuza nyumba alimwambia aliyeinunua: lile usilizibe. Sababu hakuna aliyeitoa. Wengine walisema ni la nyuki, wengine la ndege. Babu yake Wilf alipokuwa akijaza chokaa mpya katikati ya matofali ya ukuta ule, na baada yake baba yake Wilf, kila alipofika kwenye tundu aliliruka, akavua kofia, akaendelea na kazi.

Ivor aliambiwa kama wengine. Lakini yeye na Dulcie walikuja kutoka mjini, pesa yote ya kustaafu wameiingiza katika nyumba hii, na kifua cha Dulcie kilikuwa dhaifu. Ilikuwa ni ile baridi ya mwaka wachimba makaa walipogoma, umeme ukawa wa mgao nchi nzima na mafuta yakawa ghali kama dawa. Kila jioni aliona pazia la ngazi likicheza, hata siku ambayo nje jani halitikisiki. Akasema, mke wangu hafi kwa ajili ya hadithi za vikongwe. Akamwita Wilf.

Na Wilf hakutumia chokaa. Chokaa ni laini, inataka subira, inakauka kwa majuma. Alitumia saruji, nzito na ya kijivu, akajaza kila kiungo cha ukuta ule, akajisifu kwamba hiyo itadumu hata baada ya Siku ya Kiyama. Kabla ya kuziba tundu, aliingiza mkono kutoa taka. Ndani kulikuwa na joto. Halikuwa joto la jua, maana ukuta wa kaskazini jua halijawahi kuugusa. Lilikuwa joto la mdomo wa ng'ombe. Vinyweleo vya mkono wake vikavutwa kuelekea ndani, vikatulia, kisha vikasukumwa nje. Wilf akachomoa mkono, akashindilia saruji humo mpaka mwiko ukapinda, na hakumwambia mtu yeyote.

Hakusema pia kuhusu yale matofali. Hayakuoza. Yalikuwa arobaini, mazuri, mekundu kama nyama, yaliyoungua vizuri kuliko tofali lolote linalouzwa leo. Aliyapakia kwenye gari lake chini ya turubai, akaweka mapya mahali pake, na yale ya zamani akamjengea mkewe Hilda meko ya ukutani sebuleni kwao, kwa saruji ile ile. Hilda aliyapenda mno, kila jioni aliweka kiti chake karibu nayo. Mtu anayejitangaza mkweli kila kona, ukimpekua, hukosi kumkuta na tofali la mwenzake.

Waingereza wa mashambani hawasemi jini. Wana maneno yao, na mengi hawayatamki kabisa, wanaishia kusema "kile kitu" na kubadilisha mazungumzo. Mimi nitasema jini, maana mwenye tabia hii huku kwetu na huko kwao ni mmoja.

Siku ile ya ugomvi Ivor alimshika Wilf mkono, akamvuta hadi kwenye ngazi, akakibandika kiganja chake ukutani. Lipu ilikuwa na unyevu, baridi, na harufu ya tope la chini ya bwawa, lile jeusi ambalo halijaona hewa. Wilf alikuwa amekwisha kufungua mdomo aseme ni unyevunyevu tu, utakauka. Ukuta ukasukuma kiganja chake. Ukasukuma polepole, kama ubavu wa mnyama aliyelala, ukakaa kidogo, ukashuka.

"Umeona?" Ivor alinong'ona.

"Ni mbao za ndani zimevimba."

"Wilf."

"Nimesema ni mbao."

Dulcie alikuwa amekaa kwenye kidato cha chini. Hakuna aliyemtazama mpaka walipogundua kwamba wanasikia pumzi moja tu. Ukuta ulipovimba, kifua chake kilipanda. Ulipokaa, alikaa. Na kila mara ukuta ulikaa zaidi kidogo kuliko mara iliyotangulia, na yeye akingoja, macho yamemtoka, midomo inageuka rangi ya risasi, hawezi kuvuta mpaka huyo mwingine avute.

Ivor alipiga magoti mbele yake. Alikuwa mtu mrefu, mkavu, aliyezoea kusimamia foleni za watu posta na kuwaambia wangoje zamu yao. Sasa alimshika mkewe mabega na kumbembeleza kama mtoto: vuta, mama, vuta, usimngoje, vuta yako. Daktari alikwisha kuja, akasema ni pumu na unyevu, akaacha chupa. Walijaribu kumpeleka kwa dada yake mjini Ipswich. Mbele kidogo ya lango la shamba alianza kupaliwa garini, na kadiri walivyoiacha nyumba ndivyo macho yalivyomgeuka, ikabidi warudi naye mbio. Nyumba haikutaka atoke. Au kilichokuwa ndani ya nyumba kilikuwa kinavuta pumzi kwa kifua cha Dulcie kwa sababu tundu lake limezibwa.

"Nitakulipa," Ivor alisema bila kugeuka. "Nitakulipa yote na zaidi. Nenda kamwite Kasisi."

Kasisi Leggett alikuwa mtu mnene, mfuga nyuki, asiyependa mambo ya namna hii na asiyejificha kwamba hapendi. Alikuja na maji yake na kitabu chake, kizibao amefunga vifungo vya kombo. Ilikuwa saa kumi alasiri, na katika mwezi ule saa kumi alasiri kule ni kiza tayari; umeme ulikuwa umekatwa kwa zamu yao, na Ivor alikuwa amepanga mishumaa kwenye ngazi, mmoja kila kidato. Kasisi akaanza kusoma. Sauti yake ilikuwa ya kawaida, kama anasoma matangazo ya Jumapili, na kwa muda jambo hilo liliwapa moyo.

Kisha mishumaa ikalala.

Haikuzimika. Miali yote, kuanzia kidato cha chini hadi cha juu, iliinama pamoja kuelekea ukuta wa kaskazini, ikarefuka na kuwa myembamba kama nyuzi, ikakaa hivyo, ikakaa, hata nta ikaanza kumiminika upande mmoja na Kasisi akapoteza mstari aliokuwa akiusoma. Na katika kukaa huko wakasikia, ndani kabisa ya unene wa ukuta, kitu kikijigeuza, matofali yakisagana meno kwa meno kutoka msingi hadi paa, kama mtu mkubwa aliyelazwa kwenye sanduku dogo anayetafuta ubavu wa kulalia. Halafu miali ikarudi, ikainama upande wa pili, na harufu ya bwawa ikawapiga usoni.

Kasisi akafunga kitabu.

"Endelea," Ivor alimwambia. "Kwa nini umeacha? Endelea, baba, nakuomba."

"Haitasaidia, Ivor." Alikuwa akinong'ona, na uso wake ulikuwa umelowa. "Mimi kazi yangu ni kutoa kilichoingia. Huyu hakuingia. Alikuwamo kwenye udongo kabla haujawa tofali, na alikuwa na mlango wake, anatoka na kurudi, hamsumbui mtu. Ninyi mmemfungia." Akamtazama Wilf. "Nani aliliziba lile tundu?"

Wilf alijitazama buti.

"Baba yako angevua kofia akapita," Kasisi alisema.

"Baba yangu alikufa maskini," Wilf akajibu, lakini maneno yalitoka bila nguvu, kwa sababu nyuma ya Kasisi, kwenye kidato cha chini, Dulcie alikuwa ameanza kuteleza kutoka mikononi mwa mumewe. Ukuta ulikuwa umekaa. Safari hii haukuvuta. Wote wanne walingoja, watatu wakiwa wamebana pumzi bila kujua, na ukuta haukuvuta, na Dulcie hakuvuta, na vidole vyake vikaanza kukwaruza lipu, taratibu, kama paka anayeomba kufunguliwa.

Wilf akatoka mbio. Alichukua nyundo na tindo garini, akaegemeza ngazi ya mbao nje ya ukuta wa kaskazini, juu ya ardhi iliyoganda, akapanda akiwa na kurunzi mdomoni, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake akaona kazi yake mwenyewe kama inavyoonekana kwa mtu aliyefungwa nyuma yake. Alipiga. Saruji haikutetereka. Alipiga tena, na tofali la pembeni, lile la kale, laini, lililokaa na chokaa laini miaka yote hiyo, likapasuka uso na kumwaga unga mwekundu kwenye mkono wake, huku saruji ikibaki imara kama jino la shetani; kwa maana hiyo ndiyo ilikuwa tabia yake, alijua sasa, kwamba ukiweka kitu kigumu katikati ya vitu vilivyozoea kulegezana, siku ya kuvitenganisha vitavunjika vile vilivyo laini; na alipiga, na kila pigo tofali la Kerrich lilikufa na saruji ya Wilf Garrod ilibaki, na kutoka ndani ya nyumba alimsikia Ivor, yule mtu mkavu, akilia kwa sauti ya juu isiyo na aibu, akiita jina la mkewe, Dulcie, Dulcie, vuta, Dulcie, na Wilf naye akaanza kulia na kutukana na kupiga, mpaka kibonge cha saruji, kikiwa bado kimeshikana na vipande vya matofali matatu, kikang'oka na kudondoka chini.

Kitu kikampita.

Hakukiona. Kilimpita shavuni, chenye joto, kipana, kirefu, kikiendelea kupita kwa muda ambao alidhani hautakwisha, ngazi ikitetemeka chini ya miguu yake, na kilipomaliza kupita alisikia barafu ya bwawa ikipasuka kutoka ukingo mmoja hadi wa pili.

Ndani, Dulcie alivuta pumzi. Ilisikika hadi nje, pumzi mbaya, yenye mikwaruzo, ya kwake mwenyewe.

Alipoingia, Wilf aliwakuta wamekaa sakafuni kwenye kiza, Ivor amemkumbatia mkewe na Kasisi anawasha tena mishumaa iliyokuwa imezimika. Miali ilisimama wima. Ukuta ulikuwa ukuta. Dulcie alifungua macho akamwona fundi mlangoni, na ilikuwa kama alikuwa akimtafuta yeye.

"Ameondoka," Ivor alikuwa akimwambia. "Kwisha, mke wangu. Ameondoka."

"Ameondoka," Dulcie akakubali. Sauti ilikuwa ya mtu aliyekesha. "Lakini anasema hayajatimia."

"Nini hayajatimia?"

"Sijui. Ndivyo alivyokuwa akisema wakati wote mle ndani. Anahesabu, halafu anasema hayajatimia."

Ivor akampapasa nywele akamwambia apumzike. Kasisi alidhani ni maneno ya homa. Wilf alijua ni nini. Alijua pale pale, kama unavyojua bila kupapasa kwamba mfuko wako una kitu cha mtu, na angeweza kusema. Sentensi moja tu ilitosha. Lakini Ivor alikuwa amekwisha kunyanyuka, amefungua bati la biskuti pale jikoni, analeta noti kwa viganja viwili, machozi yanamtiririka, anamwomba radhi. "Mia tatu na arobaini," alisema. "Ulikuwa na haki. Chukua, fundi. Mungu akubariki, chukua." Wilf akachukua, akatia mfuko wa ndani wa koti, akaaga.

Gari lilikataa kuwaka kwa baridi, akaenda kwa miguu. Ukungu ulikuwa umeshuka hadi magotini, na nyasi zote zilikuwa nyeupe kwa umande ulioganda. Katika weupe huo aliona njia. Ilianzia chini ya ukuta wa kaskazini, pana kama mlango, nyasi zimelazwa na kulowa, kama mtu ameburura gunia la udongo mbichi. Ilishuka hadi bwawani. Vizuri, alijiambia. Amerudi kwake. Akauzunguka ukingo wa bwawa akitazama ile barafu iliyopasuka, na upande wa pili akaiona njia ikitoka tena majini, imelowa zaidi, ikapanda uwanja wa kondoo kuelekea barabarani.

Wilf alitembea kando yake. Hakutaka, lakini ndiyo ilikuwa njia ya kwenda kwake pia, na kwa muda alijipa moyo kwamba inaelekea kanisani, kisha kwamba inaelekea shambani kwa akina Mobbs, kisha ikalipita lango la akina Mobbs bila kupunguza mwendo. Na yeye akaongeza mwendo, halafu akaanza kukimbia, noti zikimpigapiga kifuani, akipita nyumba ambazo mishumaa ilikuwa ikiwaka madirishani na watu wakinywa chai yao kwa amani, akiomba njia ile ikate kushoto, akiomba ikate kulia, akiomba hata isimame katikati ya barabara imngoje yeye, yeye mwenyewe, isitangulie. Na ilipofika kwenye uzio uliopakwa rangi ya kijani na mikono yake, ikapita chini ya lango lililofungwa, ikapanda vidato viwili vya mlangoni, ikaacha tope jeusi kwenye kizingiti.

Ndani, Hilda alikuwa kwenye kiti chake kando ya meko. Moto ulikuwa umezimika na kuni zimelowa. Mkono mmoja ameuweka kifuani, mwingine ameupeleka mbele kama anayepapasa ukuta gizani.

"Wilf," alisema, "nifungulie dirisha."

Akafungua dirisha. Akafungua mlango wa mbele, na wa nyuma. Hewa ya baridi ilijaa chumbani, na Hilda akaendelea kuitafuta kwa mdomo kama samaki. Matofali ya meko yalikuwa yanatoka jasho. Yalivimba pamoja, yote, ndani ya saruji yake ya kudumu milele, yakakaa, na kifua cha Hilda kikakaa nayo.

Wilf akaitoa nyundo mkandani. Akaitazama saruji, akayatazama matofali, na akajua kwamba halitatoka hata moja pasipo kuvunjika. Akaiweka nyundo chini. Akatoa noti zote, akazipanga juu ya meko, na noti zikalowa na kushikamana. Mwisho akavua kofia.

Sauti ilitoka katikati ya matofali. Haikuwa ya kutisha. Ilikuwa ni sauti yake mwenyewe, ile ya mchana, ya mtu aliyesimama na buti zenye tope katika jiko la watu.

"Arobaini. Mazima," ilisema. "Nataka changu. Sitoki hapa bila changu."